Kumtafuta Babu Mkulima: Wajerumani wa Volga na Vitabu vya Parokia

Padri yeyote aliyekwisha kukaa katika ofisi ya parokia anaijua barua ya namna hii: mtu wa mbali anaomba atafutiwe batizo la babu yake, mwaka haujui, kijiji anakijua nusu nusu, jina la babu ni Petro. Pengine tunacheka. Maana Mapetro ni wengi, na kazi inatungoja. Tunaiweka barua chini ya zingine, nayo inalala pale.

Tunapenda kuwaonyesha wasomaji wetu, hasa ndugu waseminari na wakatekista, kwamba barua ile haistahili kulala. Tutachukua mfano wa mbali, wa watu wasio wa kabila letu, ili tusomee kwao bila hasira na bila kujipendelea. Tutamtafuta mkulima mmoja wa karne ya 19, mtu wa asili ya Ujerumani, aliyezaliwa Urusi na kuzikwa Amerika. Hakuwa mtu mkubwa. Wako maelfu waliofanana naye, kwa hiyo sisi tutamwita Petro tu, kama katika barua ile.

I. Nani aliandika jina la mkulima?

Wafalme wana waandishi wao. Mkulima hana. Huko Ulaya, kwa miaka mingi, mkulima alizaliwa, akaoa, akalima na kufa, na aliyejali kuandika jina lake alikuwa mtoza kodi. Halafu akaja mwandishi wa pili, ndiye padri.

Tarehe 11 mwezi wa 11 mwaka 1563, Mababa wa Mtaguso wa Trento walitoa dekreto Tametsi. Waliona taabu iliyoletwa na ndoa za siri: mtu alioa hapa, akakana, akaoa tena kwingine. Basi waliamuru kila paroko awe na kitabu cha ndoa, aandike ndani majina ya wenye kuoana na ya mashahidi, siku na mahali. Mwaka 1614 Papa Paulo V alitoa Rituale Romanum, na ndani yake mna mifano ya vitabu vitano: cha batizo, cha kipaimara, cha ndoa, cha hali ya waamini (status animarum), na cha wafu. Waprotestanti nao waliandika vitabu vyao.

Mababa wale hawakufikiri habari za historia. Walitaka kulinda Sakramenti. Lakini kwa kuilinda Sakramenti waliwahifadhia wadogo wa dunia majina yao.

II. Kaburi la Kansas

Petro wetu amezikwa katika Kansas, wilaya ya Ellis, nchi ya tambarare isiyo na miti mingi, yenye upepo na ngano. Wakatoliki wenye asili ya Ujerumani walifika huko mwaka 1876, wakajenga vijiji: Herzog, Catharine, Munjor, Pfeifer, Liebenthal, na baadaye Schoenchen. Herzog ilikuwa karibu na Victoria, kijiji cha Waingereza, na leo jina la Victoria ndilo lililobaki. Mapadri Wakapuchini walifika huko mwaka 1878. Wakristu wale walijenga kanisa kubwa la mawe la Mtakatifu Fidelis, likatabarukiwa mwaka 1911. Kila mkristu aliyepita miaka 12 alitakiwa kutoa dola 45 kwa mwaka na kuleta magari sita ya mawe. Mwaka 2014 kanisa hilo lilipewa cheo cha Basilika.

Wajukuu wa Petro wanasema: "Sisi ni watu wa Urusi." Majirani zao Waingereza waliwaita Warusi. Karatasi za serikali ya Amerika zinasema vilevile: amezaliwa Urusi. Lakini nyumbani babu alisali Kijerumani, akaimba Kijerumani, na jina la ukoo ni la Kijerumani. Basi alikuwa mtu wa wapi?

Hapa tunajifunza amri ya kwanza ya kazi hii: anza na unachokijua, rudi nyuma hatua moja moja, usiruke. Watu wengi hufanya kinyume. Huona jina lao katika kitabu cha Ujerumani cha mwaka 1650, wakashangilia: "Huyu ndiye babu yetu!" Sivyo. Jina moja halifanyi ukoo mmoja. Yafaa kumwuliza kwanza bibi mzee aliye hai, kusoma jiwe la kaburi, kisha kitabu cha wafu cha parokia, kisha kitabu cha ndoa, kisha hesabu ya watu ya serikali. Hata katika nchi tajiri karatasi hupotea: hesabu ya watu ya Amerika ya mwaka 1890 iliharibika karibu yote kwa sababu ya moto uliowaka Washington mwaka 1921. Anayefika kwenye pengo hilo hushika njia nyingine: kitabu cha padri, au orodha ya watu walioshuka melini.

Na kitabu cha padri kinasema zaidi kuliko jiwe. Jiwe linasema: Petro, amekufa. Kitabu cha ndoa huweza kusema: mwana wa fulani na fulani, mzaliwa wa kijiji fulani kando ya mto Volga. Neno moja hilo, jina la kijiji, ndilo ufunguo wa mlango. Kama padri aliandika "Urusi" tu, mlango umefungwa.

III. Kando ya Volga

Tuvuke bahari. Wajerumani walifikaje Urusi? Tarehe 22 mwezi wa 7 mwaka 1763, Malkia Katarina II, naye mwenyewe mzaliwa wa Ujerumani, alitangaza kwamba wageni wanaweza kuja kukaa katika nchi yake. Aliwaahidi mashamba, uhuru wa dini, kuachiliwa kodi hata miaka 30, kujitawala katika vijiji vyao, na zaidi ya yote kutoingizwa uaskari. Lakini aliwakataza kujenga monasteri, tena aliwakataza kuwavuta Waortodoksi katika dini zao.

Ujerumani wakati ule ilikuwa imechoka. Vita vya Miaka Saba, toka 1756 mpaka 1763, vilikula mavuno na vijana. Kwa hiyo maneno ya Katarina yaliingia masikioni mwa maskini kama mvua katika shamba kavu. Karibu watu 30,000 waliondoka, wengi wao kutoka Hessen na nchi za Rhein. Walipanda meli Lübeck, wakashuka karibu na Petersburg, wakaapa utii kwa Malkia, kisha wakasafiri kwa mito na kwa nchi kavu mpaka Saratov. Wengi walifunga safari majira ya baridi katika vijiji vya Warusi, na wengi walizikwa njiani. Toka mwaka 1764 vilianzishwa vijiji zaidi ya 100 pande zote mbili za Volga. Vingi vilikuwa vya Waprotestanti, lakini vya Wakatoliki havikukosa, na katika hivyo ndimo tunamoyakuta majina ya Kansas: Herzog, Katharinenstadt, Obermonjou, Pfeifer, Liebenthal, Schönchen. Watu wa Kansas walibeba majina ya vijiji vyao kama mtu abebavyo moto kwenda makao mapya.

Jambo moja linastahili kukumbukwa. Si wote waliokuja walikuwa wakulima. Walikuwamo washona viatu, wafumaji, askari wa zamani. Serikali iliwalazimisha karibu wote kushika jembe, maana ilitaka nchi ile ilimwe. Hivi yule anayesema "ukoo wetu ni wa wakulima tangu mwanzo wa dunia" pengine atashangaa akimkuta babu wa babu yake mshona viatu asiyejua kufunga ng'ombe.

Mtafutaji ana vitabu vya namna mbili huko. Kwanza hesabu za serikali. Ile ya 1767 iliandika jamaa moja moja: majina, miaka, dini, walikotoka Ujerumani, na mara nyingi farasi na ng'ombe waliopewa. Profesa Igor Pleve wa Saratov alizitoa orodha hizo katika vitabu vilivyochapwa tangu mwaka 1999. Hesabu ya 1798 ni ya thamani kwa sababu iliandika jina la ukoo wa mke alikozaliwa. Ile ya 1811 iliandika wanaume tu. Wanawake wamepotea ndani yake kama maji mchangani.

Pili ni vitabu vya mapadri. Mwanzoni mapadri walikuwa wachache, na parokia zilikuwa kubwa mno. Toka mwaka 1803 Wayezuiti walihudumia vijiji vile, mpaka walipofukuzwa Urusi mwaka 1820. Mwaka 1848 iliundwa jimbo la Tiraspol kwa ajili ya Wakatoliki wa kusini mwa Urusi; askofu alikaa Saratov toka 1856, na mwaka 1857 seminari ikafunguliwa huko. Watoto wa wakulima waliingia ndani, wakasoma Kilatini, wakawa mapadri wa watu wao. Hao ndio walioandika jina la Petro wetu.

Mwenye kusoma maandiko yao hukuta mitego. Wa kwanza ni majina. Watoto wengi walibatizwa Johannes pamoja na jina la pili, na nyumbani waliitwa kwa lile la pili. Petro wetu ni Johannes Petrus katika Kilatini, Peter mdomoni mwa mama yake, Pyotr katika karatasi ya Kirusi. Mtu mmoja, majina matatu. Wa pili ni herufi. Kirusi hakina herufi H, kinaweka G mahali pake: Herzog inakuwa Gertsog. Wa tatu ni kalenda. Urusi ilishika kalenda ya Julius Kaisari mpaka mwaka 1918, na katika karne ya 19 ilibaki nyuma siku 12. Mtoto aliyezaliwa Ulaya ya magharibi siku ya Noeli, Urusi angeandikwa tarehe 13 mwezi wa 12. Asiyejua hayo atawafanya watu wawili kutoka mtu mmoja, au atasema padri wa zamani alidanganya.

Kwa nini Petro alitoka Volga? Kwanza, shamba. Mwanzo kila jamaa iliahidiwa desiatina 30, ambazo ni karibu hektari 33. Baadaye mashamba yakawa mali ya kijiji, yakagawanywa kwa hesabu ya wanaume. Watoto walivyoongezeka, fungu la kila mmoja likapungua. Pili, ahadi ilivunjwa. Mwaka 1871 serikali iliondoa haki za pekee za wageni, na toka mwaka 1874 vijana wao wakaandikwa uaskari kama wengine wote. Wazee walikumbuka neno la Katarina, lakini Katarina alikuwa amekufa tangu 1796. Mwaka 1874 walituma wajumbe kwenda kuona Amerika, na mwaka 1875 makundi ya kwanza ya Wakatoliki yakapanda meli.

IV. Mpaka kijiji cha kwanza

Imebaki hatua ya mwisho: Ujerumani yenyewe. Hesabu ya 1767 ikitoa jina la kijiji, mtafutaji hufungua vitabu vya parokia ile. Msaada mwingine hutoka mji wa Büdingen katika Hessen, palipokusanyika watu wa safari mwaka 1766. Huko jozi zaidi ya 300 zilifunga ndoa katika miezi michache, maana wenye jamaa walipokewa vizuri zaidi. Vitabu vya ndoa vya mji ule vimewafungulia njia wajukuu wengi.

Nyuma ya hapo njia inakuwa nyembamba. Vita vya Miaka Thelathini, toka 1618 mpaka 1648, vilichoma makanisa mengi pamoja na vitabu vyake. Mara nyingi mkulima hawezi kufuatwa kupita wakati ule. Mtafutaji mwaminifu husimama hapo. Hatungi babu ili kujaza pengo.

Tena anayetafuta hana budi kujiandaa moyo. Pengine atamkuta bibi aliyezaa bila mume, na mahali pa jina la baba pametupu. Pengine atakuta watoto watano wa nyumba moja wamezikwa mwaka mmoja. Padri anayemfungulia kitabu asiseme neno la kudharau. Waliolala katika kitabu kile ni watu waliooshwa kwa maji yale yale yaliyotuosha sisi.

V. Kitabu kilipogeuzwa kuwa upanga

Tungeweza kuishia hapa, lakini tungeficha nusu ya habari. Kumtafuta babu si mchezo usio na hatari.

Mwaka 1933, Hitler aliposhika utawala, sheria ya Ujerumani ilidai wafanyakazi wa serikali waonyeshe kwamba babu na bibi zao hawakuwa Wayahudi. Ushahidi ulikuwa wapi? Katika vitabu vya batizo. Barua zilimiminika katika ofisi za maparoko. Kitabu kilichoandikwa ili kushuhudia kwamba mtu amekuwa mwana wa Mungu, sasa kilitafutwa ili kujua nani afukuzwe kazini, na baadaye nani auawe. Karatasi ilikuwa ile ile; aliyeishika alikuwa na moyo mwingine.

Na wale waliobaki Volga? Wengi wa ndugu za Petro hawakusafiri. Waliona njaa kuu ya 1921 na 1922, waliona makanisa yamefungwa, mapadri wametiwa gerezani na wengine wameuawa. Kisha, tarehe 28 mwezi wa 8 mwaka 1941, baada ya Hitler kuishambulia Urusi, serikali ya Stalin ilitoa amri: Wajerumani wote wa Volga waondolewe. Walikuwa wamekaa kule miaka 177. Wengi hawakuwa wameiona Ujerumani hata siku moja. Mamia ya maelfu walitiwa katika magari ya moshi, wakapelekwa Siberia na Kazakhstan. Wanaume, na kisha wanawake wengi, wakatiwa katika kazi za shuruti. Mwaka 1955 waliachiliwa ulinzi, lakini bila ruhusa ya kurudi kwao. Mwaka 1964 serikali yenyewe ilikiri kwamba mashitaka ya 1941 hayakuwa na msingi.

Kosa lao lilikuwa nini? Babu wa babu zao alitoka mahali pengine. Basi. Nduguye Petro aliitwa Mjerumani Urusi na akafukuzwa kwa ajili hiyo. Petro mwenyewe aliitwa Mrusi Kansas. Walikuwa wana wa mama mmoja.

VI. Na sisi?

Wasomaji wetu hawahitaji tuwafafanulie sana. Mwaka 1992 na 1993, katika miji ya Katanga, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa majumbani mwao. Katika Likasi na Kolwezi walilala kwenye stesheni, na watoto wao, wakingojea gari la moshi liwapeleke katika nchi ambayo wengi wao hawakuzaliwa. Babu zao walikuja kwa kazi za migodi. Wao walibatizwa katika parokia za Katanga, na majina yao yamo katika vitabu vyetu mpaka leo. Tena kila mtu anajua swali "babu yako alitoka wapi?" limeleta damu ngapi katika Kivu na kwingine. Swali ni lile lile analouliza mjukuu wa Petro. Yeye anauliza ili apate kushukuru. Mwingine anauliza akiwa na panga mkononi.

Kwa hiyo padri anayeshika kitabu cha parokia ameshika kitu kizito. Maandiko Matakatifu yanatufundisha pande zote mbili. Katika kitabu cha Esdra tunasoma habari za makuhani waliotafuta majina yao katika orodha za ukoo wasiyaone, wakatengwa na kazi yao. Lakini Mtakatifu Mateo, alipoandika ukoo wa Bwana wetu Yezu Kristu, hakuwaficha wageni: Rahabu wa Yeriko yumo, Ruta Mmoabu yumo. Mwana wa Mungu hakuona haya kuwa na bibi aliyetoka nchi nyingine.

Tunamaliza kwa maneno machache ya kazi. Kanuni za Eklezya za mwaka 1917, namba 470, na zile za 1983, namba 535, zinamwamuru paroko kuwa na vitabu na kuvitunza. Tuzishike hivi.

Andika jina zima la baba na la mama, pamoja na kijiji. Usiandike "Katanga" au "Kivu" tu. Umeona neno "Urusi" lilivyofunga mlango. Usiandike kwenye kikaratasi ukisema utaandika kitabuni kesho. Mkatekista anayebatiza katika hatari ya kufa alete habari upesi, na padri asimrudishe kwa kuwa amechoka. Mtoto asiye na baba anayejulikana aandikwe kwa heshima ile ile. Sheria ya 1917 ilidai nakala ipelekwe kwa askofu kila mwaka. Hata pale isipodaiwa tena, desturi hiyo ni njema. Katika Urusi nakala za namna hiyo zilisaidia pale kitabu cha kijiji kilipopotea. Na sisi tumeona mwaka 1964, na tena katika vita vilivyofuata, misioni zikiporwa na kuchomwa.

Kwetu wako wengi ambao batizo ndiyo karatasi ya kwanza ya ukoo wao. Fikirini watoto waliokombolewa katika utumwa na kulelewa Mpala, misioni ambayo Mapadri Weupe waliipokea mwaka 1885. Walichukuliwa makwao wadogo; wajukuu wao wakiuliza leo, kitabu cha misioni pengine ndicho kitakachowajibu.

Tangu mwaka 2002 Saratov ina tena jimbo la Kikatoliki, jimbo la Mtakatifu Klementi. Na katika hifadhi za maandiko za Saratov na Engels, watu kutoka Kansas hukaa mezani, wakisoma polepole mwandiko wa padri aliyekwisha kufa zamani. Padri yule hakuwajua. Alikuwa amechoka, pengine ametoka safari ya siku mbili kwenye theluji. Hata hivyo aliketi, akachovya kalamu katika wino, akaandika: Johannes Petrus, mwana halali wa fulani na fulani, wa kijiji fulani. Alifanya kazi yake tu.

Ile barua iliyolala chini ya zingine, tuitoe, tuisome tena.